Viwanja viwili vya Temeke na mitaa inayovizunguka

Takriban kilomita tano kusini mwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam, katika Kata ya Miburani wilayani Temeke, vipo viwanja viwili vya michezo vilivyo jirani kiasi kwamba shangwe za mmoja husikika katika mwingine. Mkubwa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti vya watazamaji 60,000. Mdogo, ambao ndio mkongwe, ni Uwanja wa Uhuru, unaofahamika zaidi miongoni mwa mashabiki kwa jina la Shamba la Bibi.

Kabla ya mwenzake kujengwa, Uhuru ndio ulioitwa Uwanja wa Taifa. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa hapo na ile ya Tanganyika ikapandishwa, mbele ya Mwalimu Julius Nyerere na Mwanamfalme Philip aliyemwakilisha Malkia Elizabeth wa Pili. Oktoba 1999 wananchi walipanga foleni hapo hapo kuuaga mwili wa Mwalimu. Novemba 5, 2015 Dk John Magufuli aliapishwa katika uwanja huo kuwa Rais wa Awamu ya Tano.

Kwa upande wa soka, wazee wa Msimbazi hawausahau mwaka 1993, pale Simba ilipofungwa mabao 2-0 nyumbani na Stella Abidjan ya Ivory Coast katika mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la CAF.

Ujenzi wa uwanja mpya ulikuwa ahadi ya Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa. Ulijengwa na kampuni kutoka Beijing kwa msaada mkubwa wa China, gharama ikitajwa kufikia dola za Marekani milioni 56, na ulianza kutumika mwaka 2007. Mapema mwaka 2009 Rais Hu Jintao wa China alifika kuukabidhi rasmi. Juni 7, 2010 Brazil, ikiwa njiani kuelekea Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini, iliifunga Taifa Stars hapo mabao 5-1, huku Jabir Aziz akiifungia Stars bao ambalo bado linasimuliwa.

Jina la sasa lilitolewa na Rais Magufuli Julai 2020, Mkapa alipofariki dunia. Mashabiki nao wameongeza la kwao: wengine huuita 'Kwa Mkapa', wengine 'Lupaso', kwa jina la kijiji alikozaliwa na kuzikwa kiongozi huyo, wilayani Masasi.

Anayetaka kuvielewa viwanja hivi, hata hivyo, hana budi kuanza na mitaa. Upande mmoja ni Chang'ombe yenye viwanda vya miaka mingi, na jirani ya viwanja kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 katika eneo la uliokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Kuelekea mjini ni Keko, maarufu kwa maseremala na samani zao zinazopangwa kando ya barabara. Barabara ya Mandela, inayopita karibu, ndiyo njia ya malori ya bandarini, nayo Barabara ya Kilwa hubeba abiria wa Mbagala.

Siku ya Simba na Yanga, magari yote hayo hukutana na watu wanaotaka kuingia mahali pamoja kwa saa zile zile. Wengi hufika tangu asubuhi. Mama lishe, wauza jezi, bodaboda na walanguzi wa tiketi hupata riziki yao siku hiyo, na mkazi wa Miburani asiye na habari na mpira hulazimika kupanga safari zake kwa ratiba ya ligi.

Ndani ya uwanja kila mtu ana kiti chake. Hatari kubwa, kwa jinsi matukio yanavyoonyesha, imekuwa mlangoni.

Machi 21, 2021 maelfu ya watu walikwenda Uwanja wa Uhuru kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Umati ulipozidi na baadhi wakalazimisha kuingia, watu walikanyagana na kukosa hewa. Jeshi la Polisi lilitangaza baadaye kuwa waliofariki dunia walikuwa 45, wakiwemo watoto. Hao hawakwenda kutazama mpira. Walikwenda msibani.

Miaka miwili baadaye, Mei 28, 2023, ilikuwa zamu ya uwanja mkubwa. Yanga ilikuwa ikicheza na USM Alger ya Algeria mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msongamano wa kuingia ulisababisha kifo cha mtu mmoja na wengine kujeruhiwa. Yanga ilifungwa 2-1, na habari za matokeo zikachukua nafasi kubwa kuliko za marehemu.

Geti hilo hilo liliivuruga ligi Machi 2025. Simba ilieleza kuwa ilizuiwa kuingia kufanya mazoezi usiku wa kuamkia pambano lake na Yanga, mchezo ukaahirishwa, na ulipochezwa Juni 25 Yanga ilishinda 2-0. Mwezi Mei mwaka huo, kutokana na hali ya eneo la kuchezea, Simba ililazimika kuipeleka Zanzibar, katika Uwanja wa New Amaan, fainali yake ya marudiano ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco.

Agosti 2, 2025 Uwanja wa Mkapa ulikuwa umerejea katika hali nzuri, ukafungua mashindano ya CHAN kwa Taifa Stars kuifunga Burkina Faso 2-0. Tanzania, Kenya na Uganda pia zilipewa kwa pamoja, Septemba 2023, uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Nyasi zimekwisha kuonekana kuwa zinatengenezeka. Njia za kuingilia na kutokea ndizo zinazowahusu zaidi wakazi wa Miburani na Keko, kwa kuwa umati wa mashindano hayo utapita milangoni mwao.