Leseni ya usalama wa chakula (Tanzania)

Leseni ya usalama wa chakula ni ruhusa ya serikali ya kuzalisha chakula na kukiuza. Tanzania Bara hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Zanzibar ina mamlaka yake, ZFDA.

Zamani msagaji wa unga wa dona alipiga hodi milango miwili. Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), iliyoundwa mwaka 2003, ilisajili jengo na chakula. TBS nayo ilithibitisha ubora wa unga huohuo. Kila mlango ulikuwa na wakaguzi wake na ada zake. Wafanyabiashara walilalamika miaka mingi, na walikuwa na haki. Mwaka 2019 Sheria ya Fedha ilihamishia TBS kazi ya chakula na vipodozi, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA.

Siku hizi mwombaji husajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), huchukua namba ya mlipakodi kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha hutuma maombi TBS kwa mtandao. Mjasiriamali mdogo hupitia kwanza Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Barua ya utambulisho ya SIDO ina thamani kubwa, maana humwezesha kuanza uthibitisho wa ubora bila kulipa ada.

Halafu huja mkaguzi. Huangalia kama magunia yako juu ya chaga na mbali na ukuta, kama mahindi yasiyosagwa yametengwa na unga uliokwishafungwa, kama panya ana tundu la kupitia, na kama wafanyakazi wana vyeti vya kupimwa afya. Akiondoka, huondoka na sampuli.

Sampuli ndiyo yenye neno la mwisho, na kwa mahindi jambo zito ni sumukuvu (aflatoksini). Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua tena, safari hii Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, wala unyevu wa punje kupita asilimia 13.5.

Kwa hiyo msagaji anaweza kupaka kuta rangi, kuvalisha wafanyakazi kofia na makoti meupe, na bado akafeli maabara, kwa sababu mkulima aliyemuuzia aliyaanika mahindi chini kwenye udongo, bila turubai, mvua ikayakuta. Wasagaji wanaolijua hili hununua kipima unyevu, nacho huchomekwa kwenye gunia kabla halijashushwa garini.