Asali ya Buha
Mvinyo wa Ulaya husifiwa kwa pipa la mwaloni. Asali ya Kibondo na Kasulu husifiwa kwa mzinga. Waha waliuchonga kwa gogo au kuukunja kwa gome, wakautundika juu ya miyombo. Mwonjaji hunusa kwanza: maua ya porini, moshi wa mrina asali, kisha huja utamu wenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi.

Ladha hiyo ina historia. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Waha wengi, ikawakusanya pamoja ili kuwaepusha na malale, maradhi ya mbung'o. Mahame yakamea msitu. Watu wakaondoka, nyuki wakabaki. Lakini mti uliobanduliwa gome lote hufa. Miyombo ikiisha, ndugu msomaji, tutaonja nini?