Shule ya Wasichana ya Kanisa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Butere ilipata shule yake ya wasichana mwaka 1916 kwa juhudi za Jane Elizabeth Chadwick, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Anglikana. Garissa, ng'ambo ya mto Tana, haikupata shule ya Kianglikana ya namna hiyo katika enzi nzima ya ukoloni.

Serikali yenyewe iliziba njia. Sheria ya mwaka 1902 ilitumiwa kuifanya Northern Frontier District, iliyojumuisha Garissa, kuwa wilaya ya kuingia kwa kibali, ile ya 1934 ikakaza kamba zaidi, na maofisa hawakupenda wamisionari wakae miongoni mwa Wasomali Waislamu. Uhuru ulipofika ukaja na vita vya shifta, yaani waasi waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vilivyoendelea hadi 1967.

Baadaye serikali ikategemea shule za bweni. Kwa wafugaji wanaohama na ngamia, hiyo ilikuwa busara, na NEP (North Eastern Province) Girls mjini Garissa pamoja na Wajir Girls ni matunda yake. Lakini Garissa ya leo ina familia nyingi zisizohama, na hizo zinahitaji shule ya kutwa. Nayo ina ugumu wake: binti wa kutwa huwahi duksi, yaani chuo cha Kurani, alfajiri, loho ya mbao mapajani, kisha hukimbilia darasani. Akirudi jioni, jerikeni tupu zinamngoja, na mdogo wake analia abebwe. Saa za kusoma humpotea hapo, nyumbani.

Kwa shule ya kutwa ya kanisa, kisa cha kuzingatia kiko jirani, Isiolo. Katika St. Paul's Kiwanjani, shule ya mseto inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa kesi, na kiini cha swali kikabaki palepale.

Tatizo la walimu ni zito zaidi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha wengi waliotoka nje ya eneo hilo. Wanafunzi wakabaki na madawati.

Kanisa au serikali, atakayefungua shule ya kutwa ya wasichana Garissa na aanze na mambo matatu: hijabu iruhusiwe, maji yawepo, na mabinti wa hapo hapo wasomeshwe ualimu.