Ifahamu 61,741,120: Namba ya sensa iliyotangazwa Dodoma ina nini ndani yake?

Oktoba 31, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Wengi tulibaki na "milioni 61 na kitu". Hiyo "na kitu" ndiyo yenye mambo. Shika kalkuleta ya simu twende pamoja.

Vigawo vyake

Ni namba shufwa, inaishia na 0, kwa hiyo 2, 5 na 10 zinaigawanya bila baki. Ukiivunja mpaka zibaki namba tasa tupu unapata:

2×2×2×2×2×2×5×7×43×641

Jumla ina vigawo 112. Ila kwa 3 inagoma, inabaki 1.

Hiyo 641 ina historia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa inaigawanya 4,294,967,297, namba ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa.

Inaanza na 6174

Chukua mwaka wa sensa, 2022. Panga tarakimu kuanzia kubwa, kisha kuanzia ndogo, halafu toa:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Ukirudia hapo unapata 6174 tena na tena. Karibu kila namba ya tarakimu nne huishia hapo, isipokuwa zenye tarakimu moja iliyojirudia, kama 3333. Aliyeligundua hilo ni Mhindi D. R. Kaprekar.

Ni bahati tu

Sensa ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Angeongezeka mtoto mmoja tu, tungekuwa 61,741,121, na 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingegoma kuigawanya.

Hii itakusaidia

Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. Tanzania Bara, 59,851,347, inatoa 6. Zanzibar, 1,889,773, inatoa 7. 6 + 7 = 13, yaani 4. Jumla kuu, 61,741,120, nayo inatoa 4. Zimekubaliana.

Kwa hiyo ukitumiwa jumla kwenye grupu la WhatsApp, ijaribu hivi kabla hujaisambaza. Zikikataa, kuna mahali pamekosewa. Zikikubali, bado usijiamini sana: 61,714,120 nayo inatoa 4, wakati tarakimu mbili zimebadilishana nafasi na watu 27,000 wamepotea.

Na hao si tarakimu. Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa kuangalia namba hii. Ukiinukuu, inukuu yote.