Philae, Mashine Iliyoliliwa na Dunia

Saa moja na dakika tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Novemba 12, 2014, wakati watazamaji wa Kenya ndiyo kwanza wameketi kuangalia taarifa ya habari, ishara ya redio ilifika katika mji wa Darmstadt, Ujerumani. Ilikuwa imesafiri dakika 28 kutoka umbali wa zaidi ya kilomita milioni 500, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: Philae imetua juu ya nyota mkia. Wahandisi waliokuwa roho juu kwa saa saba, tangu chombo hicho kidogo kilipoachana na chombo mama, Rosetta, walikumbatiana. Profesa Monica Grady wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambaye timu yake ilikuwa na kifaa ndani ya Philae, aliruka juu kwa vifijo na kumrukia shingoni mwandishi wa BBC, David Shukman, kamera zikiwa wazi. Picha hizo zilizunguka dunia usiku ule ule.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba vifijo vilipokuwa vimepamba moto, Philae haikuwa imetulia mahali popote. Ilikuwa imegusa chini na kudunda, na dakika ile ile ilikuwa ikipanda polepole kuelekea kimo cha karibu kilomita moja. Mikuki miwili iliyotakiwa kufyatuka na kuishikiza kwenye barafu haikufyatuka. Mtambo wa gesi wa kuikandamiza kutoka juu ulikuwa umeshagoma usiku wa kuamkia siku hiyo. Na uvutano wa kule ni mdogo mno: chombo cha kilo 100 hapa duniani, kule uzito wake ni karibu gramu moja tu. Kwa hiyo kilielea karibu saa mbili kabla ya kurudi chini, kikagusa tena, kikasogea, kikajibanza. Jioni ile meneja wa Philae, Stephan Ulamec, aliwaambia wanahabari, nusu kwa utani, kwamba huenda siku hiyo walitua si mara moja bali mara mbili.

Naanza na mdundo huo kwa sababu, kwa maoni yangu, ndio ulioamua namna watu walivyoipokea safari yenyewe. Kutua salama kungepigiwa makofi na kusahaulika kabla mwezi haujaisha. Philae ikaingia mioyoni mwa watu kwa sababu mambo yaliiendea mrama hadharani.

Nyota mkia hazikupokewa hivyo siku zote. Mwaka 1910, nyota mkia ya Halley iliporudi, wanaastronomia wa kituo cha Yerkes, Marekani, waliona dalili za sianojeni, gesi ya ukoo wa sayanidi, katika mkia wake. Hesabu zilionyesha kwamba dunia ingepita ndani ya mkia huo usiku wa Mei 18 kuamkia 19. Gazeti la New York Times likaandika kwamba Camille Flammarion, mwanaastronomia mashuhuri wa Ufaransa, anaona gesi hiyo inaweza kuchanganyika na hewa yetu na kufuta uhai. Wenzake walikanusha, wakaeleza kwamba mkia ule ni mwepesi mno kumdhuru mtu, lakini nani husoma kanusho? Watu waliziba nyufa za milango na madirisha. Wajanja wakauza vidonge vya kukinga sumu ya angani, na wateja wakapatikana. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa amefariki Mei 6, na kwa wenye imani za kale huo ulikuwa ushahidi tosha. Kuna waliochagua njia nyingine: Paris na New York walipanda juu ya mapaa na kufanya karamu. Kulipokucha, hewa ilikuwa ile ile ya jana.

Halley iliporudi tena mwaka 1986, binadamu hakusubiri kufuatwa. Usiku wa Machi 13 kuamkia 14, chombo cha Giotto cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA, kilipita umbali wa kilomita 596 tu kutoka kiini chake, na televisheni za Ulaya zikarusha tukio hilo moja kwa moja kutoka Darmstadt hiyo hiyo. Sekunde 14 kabla ya kufika karibu zaidi, kilipigwa na chembe ya vumbi, kikayumba, mawasiliano yakakatika. Kilikuja kuzinduka, ingawa kamera yake haikupona. Kwa wanasayansi yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa mtazamaji aliyekesha sebuleni, kilichoonekana kilikuwa mabaka ya rangi za bandia zilizotiwa na kompyuta, nyekundu na buluu na kijani, na ilihitaji moyo kuamini kwamba hicho ndicho kiini cha nyota mkia. Sherehe ilikuwa ya wataalamu, wengine walikuwa wageni waalikwa.

Julai 4, 2005, Marekani ikafanya kwa mabavu. Chombo cha Deep Impact kilikipiga kiini cha nyota mkia ya Tempel 1 kwa bonge la kilo 370, na huko Hawaii maelfu walijazana ufukweni kutazama kwenye skrini kubwa. Moscow, mnajimu mmoja alikuwa ameshafungua kesi akiidai NASA fidia ya dola milioni 300 kwa kuvuruga mizani ya ulimwengu na, pamoja na hilo, utabiri wa nyota zake. Mahakama iliitupa kesi hiyo. Tusimcheke haraka. Swali lake la msingi, nani amekupa ruhusa ya kugonga kitu ambacho si chako, linaulizwa leo na wanasheria kuhusu mwezi na madini yake.

Rosetta ilikuwa safari ya namna nyingine. Iliondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, Machi 2, 2004, mwaka mmoja baada ya muda uliopangwa, kwa sababu roketi ya aina ya Ariane 5 iliharibika angani mwishoni mwa 2002 na shabaha ya kwanza, nyota mkia ya Wirtanen, ikawa haifikiki tena. Shabaha mpya iliitwa 67P/Churyumov-Gerasimenko. Walioigundua mwaka 1969, Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko, walikuwa wanaastronomia wa Kisovieti waliokuwa wakipiga picha za anga huko Alma-Ata, na wote wawili walikuwa hai kuiona dunia ikijikunja ulimi kutamka majina yao.

Majina ya vyombo vyenyewe yalitoka Afrika. Rosetta ni jina ambalo Wazungu wameipa bandari ya Rashid, Misri, ambako mwaka 1799 lilipatikana jiwe lililosaidia kufumbua maandishi ya mafarao. Philae ni kisiwa cha mto Nile, na nguzo iliyochukuliwa kutoka huko ilikuwa ufunguo mwingine wa maandishi yale yale. Aliyependekeza jina la Philae alikuwa msichana wa miaka 15 kutoka Italia, katika shindano la mwaka 2004. Miaka kumi baadaye ESA ilirudi tena kwa umma: eneo la kutua nalo lipewe jina gani? Mapendekezo zaidi ya 8,000 yalikuja kutoka nchi 135, likashinda Agilkia, kisiwa ambako hekalu la Isis la Philae lilihamishiwa ili lisimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Ajabu ya mambo, Philae iligusa Agilkia na kuihama papo hapo.

Kuwapa watu nafasi ya kutaja jina kulikuwa sehemu ya mpango mpana. Januari 2014, Rosetta ilipokuwa inakaribia kuamka baada ya miezi 31 ya usingizi wa kubania umeme, ESA iliwataka watu wajirekodi wakiiamsha, na video zikaja za watoto wa shule, za kwaya, za wazee. Vikafuata vikatuni ambamo vyombo viwili vilikuwa na macho na mikono, Rosetta akiwa kama dada mkubwa na Philae mdogo wake mtundu. Siku moja kabla ya kutua ulitolewa "wimbo" wa nyota mkia: mitikisiko ya sumaku iliyopandishwa mara 10,000 ili sikio la mtu liweze kuisikia. Mamilioni waliusikiliza. Na kwenye Twitter, vyombo vyote viwili viliandika kwa nafsi ya kwanza. Philae ilipotua ilitangaza kwamba sasa anwani yake ni 67P.

Wapo waliokereka na mtindo huo wakaona ni utoto. Mimi nadhani ulikuwa ufundi, tena ufundi wa hatari, maana ukishaipa mashine sauti, siku ikizimika utakuwa umemtangazia mtu kifo.

Ndivyo ilivyokuwa. Picha za kwanza zilionyesha mguu mmoja wa Philae na ukuta wa giza mbele yake. Ilikuwa imeangukia kwenye kivuli cha jabali, mahali palipopewa jina la Abydos, ambako jua liliifikia kwa chini ya saa moja na nusu katika kila mzunguko wa saa 12 na ushei. Paneli zake zisingeweza kuichaji. Ilibaki na betri ya kwanza tu. Wanasayansi walifanya walichoweza: wakawasha kifaa kimoja baada ya kingine, wakaamuru nyundo igonge, mtambo wa kutoboa utoboe, mwili mzima uzunguke kidogo ili paneli kubwa zaidi ielekee kwenye mwanga. Takwimu zilikuwa zikishuka huku umeme ukiisha. Usiku wa kuamkia Novemba 15, saa 57 baada ya kutua, ikanyamaza. Kwenye Twitter iliandikwa kwamba imechoka na inalala, na Rosetta akaiambia ipumzike. Watu ambao hawakuwahi kuuliza nyota mkia ni nini waliandika kwamba wanalia.

Umma huo huo ulikuwa na meno. Siku ya kutua, mwanasayansi mkuu wa safari, Matt Taylor, mtu mwenye tatuu ya Rosetta na Philae mguuni, alitokea kwenye matangazo amevaa shati lililojaa michoro ya wanawake nusu uchi. Wanasayansi wanawake waliuliza binti anayetazama aelewe nini kuhusu nafasi yake katika kazi hii. Hoja ilikuwa ya haki. Baadhi ya waliodandia hawakuwa na haki, wakamtukana mtu hadi akaonekana siku mbili baadaye akiomba radhi huku sauti ikikatika na machozi yakimtoka. Likaibuka kundi la kumtetea, meya wa London wakati huo, Boris Johnson, akiwemo. Kwa siku kadhaa shati lilijadiliwa kuliko nyota mkia. Kosa halikuwa dogo, lakini adhabu ilitolewa na umati usio na hakimu.

Fedha nazo zilizungumzwa, na ilikuwa lazima. Mwezi huo Ebola ilikuwa ikiua watu Liberia, Sierra Leone na Guinea, na euro bilioni 1.4 ni fedha nyingi kwenda kutazama barafu. ESA ilikuwa na majibu tayari: gharama imetawanywa karibu miaka 20, kila Mzungu amechangia kama euro 3.5 kwa kipindi chote, na jumla yake ni bei ya ndege tatu za Airbus A380. Hesabu hiyo ni sahihi. Haikumshawishi asiyetaka kushawishika, kwa kuwa aliyekuwa akiuliza hakuuliza bei, aliuliza kipaumbele.

Lawama ambayo ESA haikuwa na jibu zuri kwake ilitoka kwa mashabiki wake wenyewe. Picha bora kuliko zote zilipigwa na kamera ya OSIRIS, iliyosimamiwa na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, na kanuni ziliipa timu hiyo miezi sita ya kuzifanyia kazi kabla ya wengine kuziona. Wasomi waliojenga kamera kwa miaka mingi walistahili kuandika matokeo kwanza, sibishi. Ila huwezi kumwalika mtu arusini, umpe kadi, umwambie aimbe, halafu umfungie chakula ndani. Waliozoea NASA kumwaga picha za Mirihi mtandaoni pindi zinapofika walilalamika, na kwa muda mrefu wakaridhika na picha za kamera ya kuongozea chombo.

Juni 13, 2015, nyota mkia ikiwa inalikaribia jua, Philae ikaita. Mawasiliano yalikuja kwa kukatikakatika hadi Julai 9, kisha basi. Mwaka mmoja baadaye redio ya Rosetta ya kuisikilizia ilizimwa, na watu wakaaga upya kana kwamba hawakuwahi kuaga. Septemba 2, 2016, zikiwa zimebaki wiki nne tu safari nzima iishe, kamera ile ile ya OSIRIS iliikuta: imelala ubavu ndani ya ufa, miguu miwili ikionekana wazi. Septemba 30 Rosetta yenyewe ilishushwa juu ya 67P na kuzimwa. Churyumov alifariki Oktoba hiyo hiyo.

Kilichobaki kilikuwa mahali pa mguso wa pili, ambapo hapakujulikana. Laurence O'Rourke wa ESA, aliyeongoza msako wa 2016, aliendelea kulinganisha picha za kabla na baada, na Oktoba 2020 timu yake ilitangaza kwamba wamepaona: alama kwenye jabali, ambako Philae ilijipigiza na kufunua barafu ya tangu jua lilipoanza kuwaka, miaka bilioni 4.5 iliyopita. Kutokana na kina cha alama walipima ugumu wa barafu hiyo wakakuta ni laini kuliko povu la kahawa. Kama mikuki ingefyatuka ilivyopangwa, kipimo hicho kisingepatikana. Ulikuwa mwaka wa korona na habari hiyo ilipita kimyakimya. Waliokuwa wamelia mwaka 2014 wengi wao, nadhani, hawakuisikia.