Tarehe ya Mauser na Vipuri Vyake

Mji wa Oberndorf uko kwenye bonde la mto Neckar, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1811 mfalme Friedrich wa Württemberg aliamuru kianzishwe kiwanda cha silaha ndani ya majengo yaliyokuwa ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Humo alifanya kazi mzee Mauser, fundi bunduki, na humo wanawe wawili wakaupata ufundi: Wilhelm, aliyezaliwa mwaka 1834, na Paul, kitinda mimba, wa mwaka 1838. Paul alikuwa mbunifu, Wilhelm alijua biashara. Bunduki yao ya kwanza kukubaliwa na jeshi la Ujerumani ni ya modeli ya 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi. Mwaka 1874 ndugu hao wakakinunua kiwanda chenyewe. Wilhelm alifariki mwaka 1882. Paul akaendelea na kazi, na mwaka 1898 akatoa modeli ambayo warithi wengi wanayo kabatini hadi leo.

Huku kwetu iliyotangulia kujulikana ni ile ya 1871. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walikuwa bado wanaibeba, na wingu la moshi wa kila risasi lilimwonyesha adui mahali walipo. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza karibu na Tanga, manowari ya Waingereza ikaifuata kwa mizinga. Ilizama kwenye maji mafupi, na shehena yake ikaopolewa: bunduki za modeli ya 1898 na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Risasi hizo zilifunguliwa na kusafishwa, kazi ndefu ya mikono mingi. Majina ya waliokesha wakiifanya hayakuandikwa popote tunapopajua, nami naona ni deni kwa historia ya Tanga.

Wawindaji nao waliipenda Mauser. Duka la John Rigby la London lilikuwa wakala wake Uingereza, likaagiza mitambo kutoka Oberndorf na kuifunga kwenye bunduki zake, zikiwemo za .275 na, tangu 1911, za .416. Mskochi W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamoja kutokana na eneo la Uganda alikowinda, aliua mamia ya tembo kwa hiyo .275 ndogo. Tembo wale wanastahili kutajwa kila sifa ya bunduki hiyo inapotajwa.

Aprili 1945 Wafaransa waliuteka Oberndorf. Mashine zilichukuliwa, majengo yakabomolewa, kumbukumbu za kiwanda zikaangamizwa. Hasara hiyo inamgusa mrithi moja kwa moja, kwa sababu daftari ambalo lingemwambia bunduki ya babu yake iliuzwa lini na kwa nani huenda halipo tena. Kilichobaki ni chuma chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kipuri chochote, soma namba zilizogongwa kwenye mtutu, kwenye fremu na kwenye bolti. Zikilingana, sehemu hizo zilipimwa pamoja tangu kiwandani. Namba ya bolti ikiwa ngeni, fundi apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya bolti na ganda la risasi. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Hatari nyingine imejificha kwenye zile za milimita 8. Zamani risasi yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08, kuanzia mwaka 1905 jeshi lilitumia ya 8.20. Ganda lina urefu uleule wa milimita 57, hivyo risasi nene huingia bila kipingamizi kwenye bunduki ya mtutu mwembamba, na shinikizo hupanda vibaya. Bunduki za uwindaji ziliendelea kutengenezwa kwa kipimo cha zamani kwa miaka mingi, kwa hiyo mwaka pekee hautoshi. Mtutu upimwe.

Vipuri vipo, tena vingi kuliko watu wanavyodhani, maana modeli ya 1898 iliigwa Herstal, Brno, Kragujevac na kwingineko. Tatizo ni kwamba vinafanana bila kuwa sawa. Bolti ya M48, nakala ya Yugoslavia, ni fupi kuliko ya 1898, haiingiliani nayo. Skrubu za chini zina meno 22 kwa inchi, na anayelazimisha skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi huua uzi wa ndani ya fremu. Kinachovunjika mara nyingi ni ncha ya kulabu ndefu inayotoa ganda, na kwa kawaida huvunjwa na mtumiaji: anatia risasi kwa mkono ndani ya chemba, anasukuma bolti, na kulabu inalazimika kuruka ukingo wa ganda. Risasi ipande kutoka kwenye magazini, ikijipenyeza yenyewe chini ya kulabu. Springi zilizochoka hubadilishwa kwa bei nafuu. Kulabu mpya huhitaji mkono wa fundi na tupa laini.

Mtutu uliowahi kupigwa risasi za zamani zenye fataki ya chumvi huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi hiyo, na unyevu wa pwani huimalizia kazi yake. Lakini mafuta yakizidi hunywewa na mbao ya kitako, ikalainika pale inapokutana na chuma, ikapasuka.

Nawe uliyeachiwa bunduki ya namna hii: leseni ya marehemu haikurithiwa pamoja nayo. Nenda polisi ukaiandikishe kwanza, kisha umpelekee fundi mwenye kibali, na usiifyatue hata risasi moja kabla hajaipima.