Picha Zisizotakiwa Kuonekana Nyumbani

Papunya iko jangwani, kiasi cha kilomita 240 kaskazini magharibi mwa Alice Springs, katikati ya Australia. Serikali ndiyo iliyoijenga, ikawakusanya hapo Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri na wengine, kila kundi likiwa mbali na visima vyake. Mwaka 1971 mwalimu wa shule, Geoffrey Bardon, aliwahimiza wanaume wazima wachore ukutani hadithi ya sisimizi wa asali. Baada ya ukuta wakahamia kwenye vipande vya mbao chakavu, na mwaka 1972 wakawa na kampuni yao, Papunya Tula Artists. Ukuta wenyewe ulipakwa rangi miaka michache baadaye, michoro ikapotea.

Walichokuwa wakichora kinaitwa Tjukurrpa. Kwa Kiingereza ilitafsiriwa "ndoto", na tafsiri hiyo imepotosha watu wengi, kwa kuwa Tjukurrpa si jambo la usingizini. Ni safari za wahenga walioumba miamba na mabonde, tena ni sheria inayosema nani mwenye hadithi ya mahali gani na nani anaruhusiwa kuisikia. Nadhani msomaji aliyekulia penye jando na unyago ataelewa upesi kuliko wahakiki wengi wa sanaa. Kuna elimu isiyopewa kila mtu, na asiyepewa hajadharauliwa. Zamu yake haijafika, au jambo lenyewe si la upande wake.

Mbao zile za mwanzo zilifichua mno. Zilikuwa na vifaa vitakatifu na mapambo ya ibada ambayo wanawake, watoto na wasiofundwa hawakupaswa kuyaona. Zilipoanza kuonekana hadharani mapema miaka ya 1970, wanaume wa jamii jirani walikasirika, maana hadithi zile hupita katika nchi za watu wengi. Wachoraji wakabadilika. Vifaa vikatoweka, nukta zikatanda juu ya turubai. Wataalamu hutaja sababu nyingine pia za nukta kuenea, soko likiwamo, lakini hii ya kusitiri siwezi kuiweka kando. Mtu wa Ulaya aliyetundika nukta sebuleni kwake huenda ametundika pazia.

Ndipo safari za ng'ambo zikaanza kwa kishindo. Mwaka 1988 jumba la Asia Society, New York, lilifungua maonyesho ya Dreamings, na Billy Stockman Tjapaltjarri na Michael Nelson Jagamara wakaenda kutengeneza mchoro wa ardhini mbele ya watazamaji. Mwaka uliofuata wanaume sita wa Kiwarlpiri kutoka Yuendumu walifanya hivyo Paris, katika Magiciens de la terre. Wawili kati yao, Paddy Japaljarri Stewart na Paddy Japaljarri Sims, walikuwa tayari wamepaka rangi milango ya shule ya kijijini kwao. Huko Paris, ukutani juu ya mchoro wao, Mwingereza Richard Long alichora duara kubwa la tope. Tazama picha za ukumbi ule: duara limesimama kama jua, na kazi ya wazee iko chini kama zulia. Walioandaa walisema wanawaweka wasanii wa dunia nzima sawa. Mimi naona usawa wa ajabu, mmoja juu na wenzake sita sakafuni.

Lakini maonyesho yanayonifikirisha zaidi ni ya mwaka 2009, Icons of the Desert, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Cornell kwa mbao za Papunya kutoka mkusanyiko wa John na Barbara Wilkerson. Baadhi ya picha hazikuwekwa ndani ya kitabu cha maonyesho. Zilichapwa katika kijitabu cha pembeni, na kijitabu hicho hakikusambazwa Australia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Marekani, asiyejua hata neno moja la Kipintupi, angeweza kukifungua mezani pake, na mjukuu wa mchoraji asingeweza. Wapo watakaosema huo ni uonevu. Mimi sioni hivyo. Mgeni huyo anaona mistari na rangi tu. Hana ukoo wala kisima katika hadithi ile, na hakuna atakayemuuliza amejuaje. Wa kulindwa ni yule ambaye picha inamhusu.

Mpango huo ulitegemea umbali. Mbao ziko Marekani, watu wako jangwani, na katikati kuna bahari. Sasa mtu yeyote aweza kukipiga picha kijitabu kile na kukirusha mtandaoni, na mtoto wa Papunya akakiona kwenye simu kabla wazee hawajamwita.